Bolti Iliyoganda

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, mavuno yalipokwisha kuingizwa ghalani, nilisafiri kwa gari la shule kutoka Sumbawanga kwenda Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa. Gari lile lilikuwa Land Rover kuukuu, na juu ya paa lake palikuwa na keria ya alumini yenye miguu minne. Juu ya keria tulipakia magunia matatu ya maharagwe, ili tuyabadili kwa mchele; maana watu wa bondeni hulima mpunga, nasi wa uwandani hulima mahindi na maharagwe.

Kila aliyepita njia ile aijua. Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka sana, na mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini yake kwa mita 1,000 hivi. Basi njia hushuka katika genge la Lyamba lya Mfipa, ikipinda huku na huku, upande mmoja mwamba na upande wa pili shimo. Hapo gari huinamisha pua yake, na kila kitu kilichopakiwa juu hutaka kwenda mbele.

Tulikuwa tumepita kona chache tu niliposikia mlio juu ya kichwa changu, kama mlio wa debe linalokanyagwa. Dereva akakanyaga breki. Keria ikateleza, kamba zikakatika, na magunia mawili yakaanguka mbele ya gari. Moja likapasuka papo hapo. La pili likabingirika likaingia shimoni. Kando ya njia walikuwa wamesimama akina mama wawili na mtoto mmoja, waliokuwa wakipanda na vikapu vya samaki, nao walikuwa wamesogea ili kutupisha. Gunia lile lingalibingirika upande wa pili, lingaliwakuta. Mama mmoja alitua kikapu chake, akanitazama, asiseme neno.

Dereva akapanda juu ya paa, akashuka, akasema, "Mwalimu, mguu huu hauna bolti."

Sikuwa na la kumjibu, maana nilijua. Juma moja kabla ya safari nilitaka kuufungua mguu ule ili niunyoshe, kwa kuwa ulikuwa umepinda. Bolti ikakataa kuzunguka. Nikachukua bomba refu, nikalivika katika mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta kwa uzito wangu wote. Kichwa cha bolti kikakatika kama bua la mtama, na kiwiliwili chake kikabaki ndani. Nikaona haya. Nikaufunga mguu kwa kamba, nikasema moyoni kwamba bolti tatu zatosha. Sikumwambia mtu.

Wanafunzi, somo hili laandikwa kwa ajili ya bolti ile moja. Niliporudi mjini niliipeleka keria kwa fundi mmoja mzee, naye akaifanyia kazi kwa muda wa siku tatu, nami nikikaa karibu naye nikitazama. Alipokwisha kuzikagua bolti zote nne alisema, "Mwalimu, umeshindana nayo kabla hujaiuliza imeshikwa na nini." Basi na tuanze hapo alipoanzia yeye.

KITU KINACHOISHIKA BOLTI

Bolti ni kipande cha chuma cha mviringo kilichochongwa meno. Meno hayo huizunguka bolti kama njia inavyouzunguka mlima: mtu aifuataye huzunguka, na huku apanda. Nati, au tundu ambamo bolti huingia, ina meno ya namna ile ile kwa ndani. Kati ya meno ya bolti na meno ya tundu pana nafasi nyembamba sana. Nafasi hiyo ndiyo inayoiwezesha bolti kuzunguka. Kitu cho chote kikiijaza, bolti hushikwa, nasi twasema imeganda.

Adui wa kwanza ni kutu. Jembe likiachwa nje wakati wa mvua, hupata rangi nyekundu kama udongo. Chuma kimekutana na maji na hewa, kikaanza kugeuka. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Tazameni bawaba ya mlango wa zamani: kutu imevimba, imebabuka, hata mlango haufunguki. Jambo hilo hilo hutukia ndani ya nati, mahali tusipopaona.

Adui wa pili ni wa alumini. Alumini haipati kutu nyekundu, ndiyo sababu watu wengi hudhani haiozi kamwe. Ni madini mapya katika matumizi ya wanadamu. Wataalamu waliipata kwa mara ya kwanza mwaka 1825 huko Denmark, na tangu mwaka 1886, ilipovumbuliwa njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme, bei yake ikashuka, hata leo ndiyo sufuria za jikoni mwetu. Sifa yake kubwa ni wepesi. Pande la chuma lenye uzito wa kilo 79 likilinganishwa na pande la alumini la ukubwa ule ule, hilo la alumini halitazidi kilo 27. Kwa sababu hiyo yafaa sana kwa keria, maana mzigo ulio juu ya gari haufai kuwa mzito. Hata mabamba ya gari la Land Rover, lilipotokea kwanza mwaka 1948, yalitengenezwa kwa alumini, kwa kuwa baada ya vita kuu chuma kilikuwa haba huko Uingereza.

Alumini hujikinga yenyewe. Ikiguswa na hewa tu, hujivika ngozi nyembamba sana, na ngozi hiyo huzuia hewa isile ndani zaidi. Lakini ngozi hiyo ina adui zake, nao ni chumvi, magadi na majivu. Mama zenu wajua ya kuwa sufuria ya alumini ikipikiwa mboga ya magadi hugeuka nyeusi. Ngozi ikiisha kutobolewa, alumini huanza kulika, na badala ya kutu nyekundu hutoka unga mweupe kama chokaa. Unga huo nao huvimba, nao hujaza ile nafasi nyembamba iliyo kati ya meno.

Adui wa tatu ndiye mkubwa kuliko wote, naye ni ujirani mbaya. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari moja, jina lake Alarm, mabamba ya shaba chini ya maji, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao zake. Mabamba yale walifunga kwa misumari ya chuma. Baada ya miaka miwili hivi, walipoichunguza, waliona mabamba mengine yameachia, maana misumari imelika. Lakini mahali pengine karatasi iliyofungia mabamba ilikuwa imesahauliwa kati ya shaba na msumari, na misumari ya hapo ilikuwa mizima. Wakashangaa.

Maana yake ni hii. Madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana, nayo yakalowa maji yenye chumvi, huwa kama betri ya tochi: nguvu ndogo ya umeme hupita kati yao, na moja hulika ili lingine lipone. Alessandro Volta wa Italia ndiye aliyeonyesha nguvu hiyo mwaka 1800, alipopanga visahani vya madini mawili na kuweka kati yao vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Shaba ikiwa jirani ya chuma, chuma hulika. Chuma kikiwa jirani ya alumini, alumini hulika. Basi bolti ya chuma katika mguu wa alumini ni betri ndogo, ikingojea maji na chumvi tu.

Msomaji ataniuliza, "Sumbawanga hakuna bahari, chumvi yatoka wapi?" Yatoka katika mizigo yetu wenyewe. Keria zetu huchukua samaki wa chumvi kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Huchukua magunia ya mbolea, na mbolea nyingi ni namna ya chumvi. Unga wake huanguka katika vifundo vya keria, kisha mvua za Novemba hata Aprili huja na kuuyeyusha. Keria yetu ilikuwa imechukua mizigo hiyo miaka mingi, wala haikuoshwa hata mara moja.

BOLTI YA KWANZA: MAFUTA NA SUBIRA

Fundi hakushika spana siku ya kwanza. Alichukua brashi ya nyaya akasugua kila bolti, akatoa udongo, kutu na unga mweupe. Kisha akadondosha mafuta mepesi ya kupenya, yale yauzwayo katika makopo kwa kazi hiyo, penye mzingo wa bolti. Asiyekuwa nayo aweza kuchanganya mafuta ya taa na mafuta ya injini kidogo. Hayapenyi upesi kama yale, lakini yafaa kuliko kukosa. Mafuta mazito ya grisi hayafai hapa, maana hayawezi kupita katika nafasi nyembamba.

Baada ya kutia mafuta alichukua nyundo, akaigonga bolti kichwani, mapigo mengi madogo, si pigo moja kubwa. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake akauliza, "Mzee, kwa nini tunaipiga, na sisi twataka itoke?"

Fundi akamjibu, "Mwanangu, mtikisiko huupasua ule unga, na mafuta huingia katika nyufa. Bila nyundo mafuta hukaa mlangoni."

Wakarudia jioni, na kesho yake asubuhi wakarudia tena. Ndipo fundi alipochagua spana. Hakuchukua spana yenye mdomo wazi, kwani hiyo hushika pande mbili tu za kichwa, nayo hupenda kuteleza na kuzilainisha pembe. Alichukua spana ya ringi, inayokizunguka kichwa chote na kushika pembe zake sita. Akavuta. Tena hakuvuta kwa kufungua, bali alikaza kwanza, kidogo sana, mpaka bolti ikalia. Hapo akageuza upande wa kufungua. Ilipozunguka robo, akairudisha nyuma, akatia mafuta, akaifungua tena robo na nusu. Akaendelea hivyo, mbele na nyuma, mpaka ikatoka nzima.

Akaniambia, "Bolti ikiwa ngumu zaidi kila unapoizungusha, inakuambia yataka kukatika. Simama, urudi nyuma." Nikakumbuka bomba langu.

BOLTI YA PILI: MOTO

Bolti ya pili haikusikia mafuta. Fundi akasema yataka moto.

Kila madini yakipata joto hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Basi mguu wa alumini ukitiwa joto pamoja na bolti ya chuma iliyomo ndani yake, tundu hupanuka kuliko bolti, na kile kilichoishika hulegea. Kiasi hicho ni kidogo sana, hakionekani kwa macho, lakini chatosha kuupasua ule unga mweupe.

Kijana akaleta birika la maji yaliyochemka, wakayamimina juu ya mguu. Hayakutosha. Uwandani kwetu maji huchemka upesi kabla hayajapata joto lote. Pwani huchemka kwa nyuzi 100, na Sumbawanga kwa nyuzi 94 hivi, kwa sababu ya urefu wa nchi. Basi fundi akachukua taa ya gesi yenye ulimi wa moto.

Lakini kwanza alifanya mambo matatu. Alihakikisha keria imeondolewa kabisa garini, mbali na tangi la petroli. Alipangusa mafuta yote kwa kitambaa, maana mafuta yale hushika moto. Tena alikaa uwanjani penye upepo, kwa kuwa bolti nyingine zimepakwa zinki, na moshi wa zinki hudhuru kifua.

Kisha akamwita kijana akamwambia maneno ambayo sitayasahau. "Babu zetu wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri za udongo, ndizo malungu, zenye kimo kupita cha mtu, wakatoa chuma katika mawe kwa moto wa makaa. Mhunzi aliusoma moto kwa macho: chuma kikipata joto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe, naye hujua saa ya kupiga nyundo. Lakini alumini haisemi. Hukaa na rangi yake ile ile, haiwi nyekundu, na ghafula huanguka chini kama uji. Usiingoje ikuonyeshe rangi."

Neno lake ni kweli. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538, lakini alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na kabla ya kuyeyuka hupoteza nguvu zake. Basi fundi hakuukaza moto mahali pamoja. Aliupitisha kuuzunguka mguu, upande wa alumini wala si juu ya bolti, akiuondoa na kuurudisha. Mara kwa mara alitema mate juu ya kijiti na kugusa alumini. Mate yalipochemka na kukauka mara moja, akaacha. Akatia spana, akakaza kidogo, akafungua. Bolti ikalia, ikatoka.

BOLTI YA TATU: NATI ILIYOLIKA PEMBE

Bolti ya tatu ilipita mguu wote, na chini yake palikuwa na nati ya chuma. Mtu fulani alikuwa ameishika nati ile kwa koleo, na pembe zake sita zikawa mviringo kama punje ya mtama. Spana yo yote iliteleza.

Hapo fundi hakupoteza wakati. Alisema, "Nati hununuliwa kwa fedha kidogo, mguu wa keria haununuliki." Akachukua msumeno wa chuma, akaikata nati upande mmoja, akielekeza msumeno sambamba na bolti, akaacha kabla hajagusa alumini. Kisha akaweka tindo katika mkato ule, akapiga mara moja. Nati ikapasuka ikaanguka. Jueni ya kuwa fundi mwema hujua kitu cha kuokoa na kitu cha kutupa.

BOLTI YA NNE: ILE NILIYOIVUNJA

Siku ya tatu tukafika katika bolti yangu. Kichwa hakipo, na kiwiliwili kimezama sawasawa na uso wa mguu. Kama kingalitokeza nje kidogo, fundi angaliweza kukishika kwa koleo la kubana, au kukichonga kwa tupa pande mbili ili spana ishike, au kukichomelea nati mpya juu yake. Maana moto wa kuchomelea chuma haushiki alumini, tena joto lake husaidia kulegeza. Lakini hapakuwa na kitu cha kushika. Ilibaki keekee.

Kazi hii ndiyo ngumu kuliko zote, na sababu yake ni hii: bolti ni ngumu na alumini ni laini. Ncha ya keekee ikianzia kando hata kidogo, hukimbilia mahali palipo laini, ikaharibu tundu na kuiacha bolti. Kwa hiyo fundi alichukua tupa, akausawazisha uso wa bolti iliyokatika. Akapima katikati kwa makini, akaweka msumari mgumu wenye ncha kali, akaupiga nyundo, ukaacha kishimo. Akakitazama kishimo kile kwa muda mrefu. Kilikuwa kimeelekea upande mmoja. Akakisogeza kwa pigo lingine la kuinamisha, mpaka akaridhika.

Akavaa miwani, akamvika kijana yake. Bolti ilikuwa ya unene wa milimita 8. Akaanza na keekee nyembamba ya milimita 3, akizungusha polepole na kutia mafuta, akisimama mara kwa mara kutoa vumbi la chuma. Alipokwisha kupita katikati alichukua nyingine nene kidogo.

Mafundi wengi hapo hutumia chombo cha kung'olea, nacho ni mfano wa msumari mnene huku na mwembamba huku, wenye meno yanayozunguka kinyume. Ukikizungusha upande wa kufungua, hujikaza katika tundu na kuivuta bolti. Fundi alikuwa nacho, akakijaribu kwa mkono mwepesi, bolti isitikisike. Akakiondoa. Nikamwuliza, "Fundi, mbona hukukaza zaidi?"

Akasema, "Chombo hiki ni kigumu mno, na kitu kigumu mno huvunjika kama kigae. Kikivunjikia humu, keekee haitakitoboa, na tutakuwa na bolti mbili badala ya moja. Jana ulivunja moja, Mwalimu. Hiyo yatosha."

Akaendelea kupanua kwa keekee, hatua kwa hatua, mpaka milimita 6.8. Hicho ndicho kipimo cha tundu lililo tayari kuchongwa meno ya bolti ya milimita 8. Bolti yangu ikabaki kama ganda jembamba, nayo akaling'oa vipande vipande kwa msumari. Mwisho akapitisha chombo cha kuchonga meno, nusu duara mbele na robo nyuma, na meno ya zamani yakarudi safi. Kazi ya bolti zile tatu ilichukua siku mbili. Hii moja ilichukua siku nzima. Nami niliivunja kwa muda usiozidi pumzi moja.

DAWA ILIYO BORA

Nilidhani kazi imekwisha, lakini fundi alisema, "Sasa ndipo tunaanza." Akazipaka meno ya bolti mpya grisi, kila moja. Chini ya kila kichwa akaweka washa, na kati ya chuma na alumini akaweka kipande cha plastiki ngumu, ili madini yale mawili yasigusane. Hii ndiyo karatasi iliyosahauliwa katika manowari ya Alarm, ila safari hii imewekwa kwa akili. Wala msidanganyike na bolti za chuma kisichopata kutu. Hazioti kutu zenyewe, lakini alumini iliyo jirani nazo hulika vile vile. Nazo pia zataka grisi.

Nguvu ya grisi yajulikana katika ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli kubwa huko Papenburg, kisha wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku kama 5,000, wakaileta Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli mpaka Kigoma. Ikaundwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915, nayo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani walipolazimika kukimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitwaliwe na adui. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashine zingali zafaa. Ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi baadaye watu wa Ufipa waliipanda katika bandari za Kipili na Kasanga.

Fikirini: mashine zilizokaa majini miaka mingi zilifaa kwa sababu ya grisi iliyopakwa siku moja. Na keria yangu, isiyozama majini kamwe, iliganda kwa kukosa grisi ya kiasi cha ukucha. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi haya ndiyo ya kushika. Keria iliyochukua samaki au mbolea ioshwe kwa maji safi. Kabla ya mvua na baada ya mvua, bolti zifunguliwe, zipakwe grisi, zikazwe tena. Bolti ikikataa, itieni mafuta na kungoja. Ikikataa tena, jaribuni moto kwa uangalifu, mkiwa na mtu mzima. Na bolti ikikatika mikononi mwenu, semeni siku ile ile. Kukatika kwa bolti ni ajali iwezayo kumpata fundi ye yote. Kuificha ndiko kulikoyaangusha magunia yangu njiani.

Mwezi uliofuata nilikwenda Muze tena. Tulipofika ukingo wa genge nilimwomba dereva asimame. Nikapanda juu ya paa na spana ya ringi, nikazijaribu bolti zote nne, moja moja. Dereva alingoja, hakuniharakisha. Kisha tukashuka.

MASWALI

1. Kwa nini kutu huifanya bolti ishikwe?
2. Taja adui watatu wa bolti iliyo katika alumini, na ueleze yupi ni mkubwa kuliko wote, na kwa nini.
3. Fundi alikaza bolti kidogo kabla ya kuifungua. Unadhani kwa nini?
4. Mhunzi wa zamani aliujuaje moto wake? Kwa nini njia hiyo haifai kwa alumini?
5. Karatasi katika manowari ya Alarm na plastiki katika keria zafanana kwa jambo gani?
6. Funga kipande cha alumini pamoja na msumari wa chuma, ukiweke katika maji ya chumvi. Weka kipande kingine cha alumini peke yake katika maji ya chumvi vile vile. Vitazame baada ya majuma kadhaa, uandike uliyoyaona.
7. Mwandishi angalifanya nini siku ile bolti ilipokatika?